Miezi Mitano Bila Sindano

Hawa mwanangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Hivi ninavyoandika nakusikia ukicheka kwa jirani unakosukwa nywele za safari, na sauti ya mama yako inapita juu ya sauti zote ikisema mstari wa katikati umepinda. Mimi nipo kwenye banda la mashine. Nimeaga kwamba nakuja kusafisha chujio, na chujio lipo hapa mbele yangu, chafu vilevile. Ukikuta doa la mafuta ya alizeti kwenye karatasi hii usishangae. Mikono yangu unaijua.

Sitakuandikia habari za kula vizuri, kutotembea ovyo na kuchagua marafiki. Hayo mama yako ameyaanza tangu Jumatatu, na jana nilikusikia ukimmalizia sentensi kabla hajafika mwisho. Tena mimi si mtu wa kuandika, niliishia darasa la saba na mwandiko wangu wewe mwenyewe umeshausema kwamba unafanana na nyayo za kuku aliyekanyaga wino. Naandika kwa sababu ya maneno uliyoyasema leo mchana.

Ulikuwa unakunja nguo. Mama yako akachukua kadi yako ya kliniki akaitia kwenye mfuko wa pembeni wa begi. Ukaitoa, ukaiweka mezani. Akairudisha. Ukaitoa tena. Hukuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniogopesha. Ukasema, "Mama, nikifika Mtwara sichomwi tena. Nimechomwa tangu nina miaka tisa. Kule chuoni nataka niwe mtu kama watu. Na hao madaktari wenyewe wanabahatisha tu. Si waliwahi kuniachisha, wakasema nipumzike, halafu nikaumwa wakanirudishia? Basi safari hii najiachisha mwenyewe."

Mama yako aligeuka akaniangalia mimi. Nadhani ulifikiri anataka nikugombeze. Mimi nikasema, "Mtaongea baadaye, chai inapoa," na chai yenyewe ilikuwa haijapikwa. Ulicheka. Mama yako hakucheka.

Hawa, hakuna daktari aliyekuachisha sindano. Ni mimi.

Nimeliandika upesi kabla sijapata pa kulizungushia. Sasa niache nirudi nyuma, maana ukilisoma hilo peke yake utaniona mbaya kuliko nilivyo. Au labda utaniona kama nilivyo. Sijui. Kuna mengi katika jambo hili siyajui, na nimechoka kujifanya nayajua.

Ulikuwa darasa la pili. Wewe na kaka yako Idi mliumwa koo wiki moja, mlikuwa mnakunywea kikombe kimoja cha bati na kulala kitanda kimoja. Mama yako aliwapeleka zahanati mkapewa vidonge vya rangi mbili, kila mtu na bahasha yake ndogo, na muuguzi akasema mvimeze mpaka viishe hata kama koo limepoa. Siku ya tatu mlikuwa mnakimbizana uani. Mimi nikasema inatosha. Sikuona maana ya kumpa dawa mtoto ambaye haumwi. Vilivyobaki nikavitia kwenye kopo juu ya kabati, viwe akiba, kwa sababu kila nyumba hapa Issuna ina kopo kama hilo na sisi tulikuwa tunajiona watu waangalifu. Baadhi yake nilivimeza mwenyewe jino liliponiuma.

Baada ya wiki hivi koo lako likarudi, na homa juu. La Idi nalo lilirudi kidogo. Nikasema dawa ya hospitali imeshindwa, basi hiki ni kimeo. Mama yako, unamjua, alisimama mlangoni ameshika mwiko akaniambia, "Dawa haijashindwa, Baba Idi. Wewe ndiye uliyeikatiza." Nikamwambia asinifundishe. Mimi nilikatwa kimeo nikiwa mdogo, baba yangu alikatwa, na hapa kijijini ukimwambia mtu wa rika langu afungue mdomo hutaona kile kinyama kinachoning'inia kooni. Tulikuwa tunaamini kinarefuka na kumtekenya mtoto mpaka anakohoa na kukonda, na kwamba kikikatwa mambo yamekwisha.

Siku ya gulio nikawapeleka wote wawili kwa yule mzee aliyekuwa anakaa nyuma ya wauza vitunguu na kijichuma chake kirefu kilichopinda mwishoni. Idi alikatwa kwanza, akatema damu, akaomba muwa. Wewe ulikuwa umenishika shati. Nilikushika kichwa kwa mikono hii. Ulikaa siku tatu humezi kitu zaidi ya uji wa baridi, nami nikasema ndivyo inavyokuwa.

Wiki tatu zikapita, kwa kumbukumbu zangu. Koo limepona, wewe unaenda shule, mimi najipongeza. Halafu asubuhi moja ukaamka goti la kulia limevimba kama kitumbua. Tukasema umeanguka. Kesho yake goti likapoa, kifundo cha mguu kikavimba. Keshokutwa kiwiko. Maumivu yalikuwa yanatembea, leo hapa kesho pale. Nilikukanda na mafuta ya moto jioni na asubuhi. Majirani walikuja na maneno yao, mmoja anasema umekanyaga kitu kibaya, mwingine anasema ni damu chafu. Kila mmoja nilimwamini kwa muda wa kama saa moja. Ulipoanza kuhema kama umepanda mlima, na wewe umekaa tu kwenye mkeka, ndipo mama yako alipofunga kanga mbili na kuniambia yeye anakwenda mjini na mtoto, mimi nikitaka nibaki na mashine yangu.

Hospitalini tulimkuta daktari wa kike, kijana, ana mwanya. Alinipa shikamoo kwanza, kwa heshima zote, halafu akanikemea. Aliuliza kama uliwahi kuumwa koo. Mimi nikaona huyu anapoteza muda. Mtoto anaumwa magoti, anahema, yeye anauliza koo la mwezi uliopita. Nikamwambia, "Koo lilishapona, daktari. Tena lilikatwa."

Akaweka kalamu chini. Akasema una homa ya baridi yabisi, na kwamba imeugusa moyo.

Mimi baridi yabisi niliijua kuwa ni ugonjwa wa wazee wanaoota moto asubuhi. Tulivyorudi nyumbani nilikununulia sweta, jua la Oktoba, nikakulazimisha ulivae mpaka ukatoka vipele shingoni. Hilo unalikumbuka, umeshalisimulia mara nyingi watu wakacheka. Sikuwahi kukuambia kwamba nilikuwa nafanya vile kwa sababu nilikuwa sijaelewa hata neno moja, na nilikuwa naona aibu kuuliza.

Baadaye niliuliza. Daktari alinichorea kwenye karatasi. Alisema, "Mzee, vile vijidudu vya koo vilishakufa siku nyingi."

"Sasa kama vimekufa, nani anampiga mtoto?"

"Mwili wake mwenyewe."

Nilidhani ananitania. Akanieleza pole pole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. Mwili una askari wake. Vijidudu vya koo vikiingia, askari wanavitambua kwa sura na kuvipiga. Lakini vijidudu hivyo vina sura inayofanana na vitu fulani vilivyomo mwilini mwetu wenyewe, kwenye viungo na kwenye milango midogo ya moyo inayopitisha damu. Kwa watoto wengine, vita ikiisha, askari hawarudi kulala. Wanaendelea kutafuta ile sura, wanaikuta moyoni, wanapiga. Viungo huvimba na kupona bila alama. Mlango wa moyo ukipigwa unabaki na kovu.

Hapo ndipo nilipopotea, Hawa, na mpaka leo sijatoka vizuri. Mimi ni fundi. Jiwe likiingia na alizeti kwenye mashine unasikia kelele, unazima, unalitoa jiwe, kelele inakwisha. Huyu mtoto wa watu ananiambia jiwe lilishatoka na kelele ikaanza wiki tatu baadaye. Na anayekwaruza si jiwe tena, ni chuma chenyewe. Nilikosa hata mtu wa kumkasirikia. Nimkasirikie nani, damu yako? Ilikuwa inakulinda.

Nikamwuliza na Idi je? Kikombe kimoja, kitanda kimoja, kijichuma kilekile cha yule mzee, na vidonge vyake navyo vilikatizwa. Idi alikuwa anacheza mpira wiki hiyohiyo. Daktari akasema, "Wengi wanaumwa koo wanapona. Wachache wanapata hii. Kwa nini huyu na siyo yule, kuna mambo ya kuzaliwa nayo, lakini kwa hakika kabisa hatujui." Nikamwuliza kama ni kimeo kilichofanya hivi, au ni vidonge nilivyovikatiza. Akasema kimeo hakikutibu kitu, kilituchelewesha na kukuumiza bure. Vidonge vingemalizwa, huenda mambo yasingefika huku. Huenda. Nilitaka aniambie ndiyo au hapana. Nilitaka hata anitukane. Yeye ananipa huenda.

Idi nilimwuliza mwaka jana kama anakumbuka siku ile ya gulio. Akasema, "Nakumbuka, baba. Kila nikimpakia Hawa kwenye pikipiki nikamsikia anahema kupanda tu, najiuliza mbona siyo mimi." Sikujua kama naye anabeba. Tunaishi nyumba moja, kila mtu amekaa na swali lake kimya.

Sasa nifike kwenye sindano.

Daktari alisema utachomwa penisilini kila baada ya wiki nne. Nikamwuliza, kama vijidudu vimekufa na anayempiga ni mwili wake, sindano ya kuua vijidudu ya nini? Ulikuwa ubishi, lakini swali lenyewe naliona mpaka leo kuwa halali. Akajibu kwamba sindano haifuti kovu. Kazi yake ni kuzuia vile vijidudu visirudi kooni, kwa sababu kila vikirudi vinawaamsha askari, na askari wakiamka wanakwenda palepale walipozoea. Kovu juu ya kovu. "Mpaka lini?" nikauliza. Akasema, "Miaka mingi, mzee. Tutaona."

Tulikuwa tunakwenda kituo cha afya kwa baiskeli, wewe nyuma. Unaongea njia nzima, habari za shule, za mbuzi, za mwalimu mwenye viatu vinavyolia. Tukifika pale barabara inapokata kushoto unanyamaza. Kila mwezi palepale. Ile sindano ni nzito, watu wazima wanalia. Kurudi ulikuwa huwezi kukaa, nilikuwa naikokota baiskeli na wewe unachechemea pembeni yangu. Miaka mitatu tulifanya hivyo. Nilikuwa najisifu kwa watu kwamba mwanangu hajawahi kukosa.

Ulipofika miaka kumi na miwili, msimu wa kukamua, hapa bandani pamejaa magunia na watu wamelala juu yake wakingoja zamu. Siku yako ikafika. Nimetoa baiskeli, na wewe umesimama mlangoni na gauni la bluu. Hukulia. Ulisema tu, "Baba, mbona mimi siumwi popote?"

Nilikuangalia, na kweli, hukuwa unaumwa popote. Ulikuwa umenenepa, umerefuka, macho meupe. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Daktari alisema ukifika miaka kumi na miwili upumzike kidogo. Umepona." Uongo ulitoka mzima mzima, wala haukukwama. Uliruka ukaniparamia shingoni, halafu ukakimbia kumwambia mama yako. Hawa, sijawahi kumfurahisha mtu kama nilivyokufurahisha siku ile. Sijawahi kabla wala baada.

Nimejiuliza kwa nini nilifanya vile mpaka kichwa kinauma. Siku nyingine nasema ni huruma, nilichoka kukuona unachechemea. Siku nyingine nasema ni magunia, sikutaka kupoteza siku nzima ya kazi. Na zipo siku nasema ni kiburi, kwamba nilijiona nimeuelewa ugonjwa kuliko waliousomea. Mtoto haumwi, dawa ya nini? Ni yaleyale ya vidonge vya rangi mbili, na sikuona kuwa ni yaleyale. Sijui ipi ilikuwa sababu na ipi ni kisingizio nilichokishona baadaye. Zote zinanikaa mwilini vizuri.

Mwezi wa kwanza ukapita. Wa pili. Ulichaguliwa kucheza netiboli ya shule. Nilikuwa nikipita na baiskeli nasimama pembeni ya uwanja nakutazama unavyoruka, na namwambia aliye karibu, yule mrefu ni wangu. Miezi mitano. Sikuogopa hata siku moja, nataka ulijue hilo. Nilikuwa na furaha. Nilijiona nimekutibu.

Mvua za kwanza zikaja, ukasema koo linawasha. Ukanywa maji ya chumvi, siku mbili likaisha, hakuna aliyelifikiria. Halafu goti. Halafu ukaanza kulala umekaa, umeegemea ukuta, kwa sababu ukilala chini pumzi haiji. Sina haja ya kukusimulia, ulikuwepo.

Lakini kuna sehemu hukuisikia, kwa sababu ulikuwa na homa na bomba la hewa puani. Daktari yuleyule alifungua kadi yako akauliza, "Mbona hapa pana miezi mitano mitupu?" Mama yako akamjibu kwa ukali, "Si ninyi mliosema apumzike?" Daktari akasema, "Nani, mama? Hakuna mtu hapa anayeweza kusema hivyo." Mama yako akafungua mdomo kumjibu tena. Halafu akaufunga. Akageuka pole pole akaniangalia, uso uleule aliouweka leo mchana. Nilikuwa naangalia soli ya kiatu changu.

Daktari alisikiliza kifua chako muda mrefu. Akasema mlango ule wa moyo, ambao mwanzo ulikuwa unavuja kidogo, sasa unavuja zaidi. Ndiyo maana huchezi netiboli tena. Ndiyo maana ndoo ya maji inabebwa na Idi. Ndiyo maana daktari anasema huenda siku moja utahitaji kupasuliwa na huenda usihitaji, na kwamba ukiolewa usibebe mimba bila kumwona daktari wa moyo kwanza. Hilo la mwisho mama yako ameshakuambia, mimi naliandika huku naona haya.

Mama yako alikaa wiki nyingi haongei na mimi ila habari za chumvi na kuni. Siku alipozungumza alisema, "Mimi sitamwambia. Utamwambia wewe, tena usingoje mpaka afe mtu." Nikasema nitakuambia ukipata nafuu. Ukapata nafuu. Nikasema ukimaliza la saba. Ukamaliza. Nikasema baada ya mitihani ya kidato cha nne, usije ukafeli. Ulikuwa unakwenda kuchomwa bila kulalamika, na mimi nikajidanganya kwamba kama anakwenda, ya nini kumchafua roho? Sasa unaondoka kesho, na nimesikia leo ulichokijenga juu ya ule uongo wangu. Umejenga nyumba nzima. Madaktari wanabahatisha, waliniachisha, wakanirudishia. Ningekuwa wewe ningesema hivyohivyo.

Mwaka jana nilimwendea tena yule daktari, peke yangu, nikasema nakwenda kununua mkanda wa mashine. Nikamwuliza kwa uso mkavu, ni ile miezi mitano? Akasema, "Inawezekana sana, mzee. Lakini siwezi kukuapia. Hutokea kwa nadra mtu akachomwa kila mwezi na bado ikamrudia." Nilitoka pale nimelishika lile "siwezi kukuapia" kama mtu aliyeokota kitu cha thamani. Nikafika nalo mpaka hapa kijijini. Ukanipokea mlangoni, ukaniuliza mkanda uko wapi, nikakuona unahema kwa kutoka tu jikoni hadi mlangoni, na lile neno halikunisaidia tena.

Sasa huenda unangoja nikuambie cha kufanya. Nilitaka. Nilikuwa nimeshaandika ukurasa mzima wa amri, nimeuchana. Nina haki gani ya kukuamuru kuhusu sindano? Kadi ipo mezani ulipoiacha, nami sitaigusa.

Nitakuambia tu ninachokiona. Wale madaktari unaosema wanabahatisha wameniambia "sijui" mara nyingi kuliko mtu yeyote maishani mwangu. Zamani hilo lilinifanya niwadharau. Nilikuwa najiuliza, mtu kasoma miaka yote hiyo na hajui kwa nini Hawa na siyo Idi? Siku hizi naona kwamba katika nyumba hii aliyekuwa hasemi "sijui" ni mmoja, na huyo ndiye aliyekuumiza. Wao hawajui na wanakuchoma kila mwezi ili wasihatarishe maisha yako. Mimi nilijua, nikakupumzisha.

Kitu kimoja ninakielewa, au nadhani ninakielewa. Kujisikia mzima hakuna maana katika ugonjwa huu. Siku ulizokuwa mzima kuliko zote ndizo zilizokuwa zinakusogeza kwenye kitanda cha hospitali. Ukifika Mtwara utakuwa na siku kama zile, naomba Mungu ziwe nyingi, upepo wa bahari, marafiki wapya wasiokujua kama mgonjwa. Mwezi utakatika, utajitazama kwenye kioo na kusema mbona siumwi popote. Na sitakuwepo. Na hata nikiwepo, uliwahi kuniuliza hivyo na unajua nilivyojibu.

Barua hii nitakupa kesho mkononi basi likisimama hapa barabarani. Uifungue ukishapita Manyoni, maana hapo huwezi tena kushuka kunirudia. Mimi ni mwoga, mama, umeshaona. Utakaa na hasira njia ndefu, na utakuwa na haki nayo yote. Usinipigie kama hutaki. Mpigie mama yako, nitasikilizia pembeni kama umefika.

Lakini ikitokea mwezi mmoja huko umechoka kabisa, usiseme umekwenda wakati hujaenda. Mimi niliamua peke yangu, sikumwuliza mtu, na ndivyo lilivyoharibika. Nipigie useme, "Baba, mwezi huu siendi." Sitafoka. Nitapanda basi, siku mbili njiani, nitakuja nikae nje ya mlango wako mpaka utoke. Tutabishana. Unajua kubisha kuliko mimi, labda utanishinda. Ila tutakuwa wawili.

Ulisema leo kuna watu walikuachisha halafu wakakurudishia, kwa hiyo huwaamini tena. Mwanangu, aliyekudanganya ni mmoja tu, na hajawahi kuvaa koti jeupe. Kama ni lazima umnyime mtu imani, ninyime mimi. Nichukie mimi, Hawa, miaka yote utakayotaka, halafu nenda ukachomwe.

Baba yako